Barua za wasomaji: Naenda Malmö kusoma uhamiaji, nianzie wapi?

Mwezi huu barua zenu zinajibiwa na dada yetu aliyesoma shahada ya uzamili ya uhamiaji mjini Malmö, Uswidi, na ambaye sasa anafundisha Kiswahili kwa watoto katika shule za huko.

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nina miaka 28, na kwa miaka minne nimefanya kazi na wakimbizi. Nimepata nafasi na ufadhili wa kusoma uhamiaji na mahusiano ya kikabila katika Chuo Kikuu cha Malmö kuanzia mwisho wa Agosti. Baba mdogo ananiuliza kwa nini niende mpaka kaskazini ya Ulaya kusoma habari za wahamiaji, ilhali nikifika huko mhamiaji nitakuwa mimi mwenyewe. Sijapata la kumjibu. Masomo ni ya Kiingereza. Je, Kiswidi kina ulazima? Na tasnifu yangu nimeshaipa jina: "Changamoto za Wahamiaji wa Kiafrika nchini Uswidi". Unalionaje? Nishauri kama mdogo wako. – N., Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana.

Nianze na hilo jina la tasnifu, maana ndilo lililonikosesha utulivu tangu niisome barua yako. Lifute. Nakwambia hivyo kwa upendo, kwa sababu mimi nami nilifika Malmö na jina kama hilo hilo. Ubaya wake ni kwamba limejibu kabla hujauliza. Ukishasema "changamoto", kila utakayekaa naye atakutafutia changamoto akupe, kwa ukarimu tu, kama mtu anavyomtafutia mgeni kiti. Halafu hao "wahamiaji wa Kiafrika" ni akina nani? Msomali aliyeletwa akiwa na miaka sita vita vilipoanza 1991, Mueritrea aliyevuka bahari ya Mediterania akiwa kijana, muuguzi wa Kighana aliyeolewa na Mswidi: ukiwaweka watu hawa kwenye sentensi moja, wewe ndiye uliyewakutanisha.

Nikueleze yaliyonipata. Tasnifu yangu ilihusu wanawake wanaozungumza Kiswahili mjini Malmö, wengi wao Wakongo wa Kivu waliochukuliwa kutoka kambini na kuletwa Uswidi kwa mpango wa Umoja wa Mataifa. Nilijiona nina bahati. Wenzangu darasani walihitaji wakalimani, mimi lugha ninayo. Mama mmoja wa Uvira, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, alinikaribisha kwake mara tatu. Nilirekodi, nikarudi chumbani kwangu, nikawa naandika aliyoyasema, na huku naandika namsahihisha. Alisema, "Nilikuwa naendaka kwa huyu jirani." Mimi nikaandika, "Nilienda kwa huyu jirani." Ile -aka, ambayo kwenye Kiswahili sanifu haimo, kwao ina kazi yake: inaonyesha jambo la mazoea, linalofanyika mara kwa mara. Nikaifuta nikidhani nasafisha lugha. Basi mazoea ya miaka miwili, kila Alhamisi kahawa na mikate ya mdalasini kwa bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu, yakageuka ziara moja. Nikaandika kwenye rasimu kwamba mama yule hana uhusiano wa karibu na Waswidi. Nikaiwekea na nadharia juu yake, kurasa nne.

Msimamizi wangu ndiye aliyenirudisha kwenye rekodi, akaniambia nipime dakika. Katika mazungumzo ya kwanza, dakika 48, mimi peke yangu nilizungumza 19. Mama akianza "walinipokea…", namalizia "lakini ilikuwa ngumu, eeh?", naye kwa adabu anaitikia "eeh". Ile "eeh" nilikuwa nimeinukuu kama ushahidi. Niliumia sana usiku ule, na bado nikiikumbuka inanichoma, kwa sababu mwanamke yule alinifungulia mlango wake nami nikamwekea maneno mdomoni.

Mara ya tatu nilijifunza kunyamaza. Nilimuuliza kama sasa anajiona mwenyeji. Akaniuliza, "Wewe ulifika mwaka gani?" Nikamwambia mwaka jana. "Mimi huu mwaka wa tisa. Basi leo mwenyeji wako ni mimi." Akainuka kwenda kuchemsha chai. Fikiria hapo. Kwa Kiswidi kuna neno *invandrare*, mhamiaji, na katika maneno ya mtaani linaweza kumwandama mtu mpaka kwa watoto wake waliozaliwa Malmö hapa hapa. Kwetu mgeni na mwenyeji hupokezana kulingana na nani amemtangulia nani mahali pale. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitoka kwenye jibu lile, na kwa Kiingereza nisingelipata. Kwa hiyo chukua Kiswahili chako ukitumie, ila ukiandike kama kilivyotoka kinywani mwa mwenyewe, kiwe cha Bukavu, cha Mombasa au cha Barawa.

Mada chagua ndogo, ndogo kiasi cha kukuonea aibu. Kwa mfano: wazazi wanaozungumza Kiswahili huamuaje kumwandikisha au kutomwandikisha mtoto kwenye somo la lugha ya mama shuleni? Au chukua sheria moja. Mwaka 2015 watu karibu 163,000 waliomba hifadhi Uswidi, na Julai 2016 ikaanza kutumika sheria ya muda iliyowapa wakimbizi kibali cha miaka mitatu, na wengine waliohitaji ulinzi miezi 13, mahali ambapo kabla ya hapo vibali vya kudumu vilikuwa jambo la kawaida. Miezi 13! Mtu anapangaje kozi ya miaka miwili kwa karatasi ya miezi 13? Hilo ni swali la tasnifu, na linamtazama aliyeandika sheria pamoja na anayeishi ndani yake.

Na hapo ndipo jibu la baba mdogo lilipo. Mpe shikamoo yangu, kisha mwambie kwamba unachokwenda kusoma hasa ni Uswidi: nchi inavyohesabu watu, inavyowapa majina, inavyoamua nani abaki, inavyomfundisha mtoto lugha. Kuwa mhamiaji wakati unasoma hayo hakukupunguzii kitu. Utapanga foleni kwenye ofisi zile zile unazozisoma.

Mwambie pia, maana wazee wetu hupenda historia, kwamba Waswidi nao walikuwa watu wa kuhama. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1930 walihama kama milioni 1.3, wengi wao wakaenda Marekani. Mavuno yalikuwa yamekufa vibaya miaka ya 1867 hadi 1869, ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka haitoshi, na wengine walikimbia kubanwa na kanisa la taifa. Mji wa Växjö una kumbukumbu nyingi za watu hao. Nenda huko mapema, muhula wa kwanza. Ukiona barua za vijana wa kike waliokwenda kufanya kazi za ndani Chicago, wakituma dola nyumbani na kuficha shida zao, utadhani umeandika wewe.

Mkondo ukageuka baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1954 nchi za Nordiki, yaani Uswidi na majirani zake wa kaskazini ya Ulaya, zilifungua soko la pamoja la ajira, Wafini wakaingia kwa wingi. Wakafuata Wayugoslavia, Waitalia, Wagiriki na Waturuki, wakiitwa na viwanda vyenyewe. Malmö kulikuwa na Kockums, kiwanda cha meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uhamiaji wa kazi kutoka nje ya Nordiki ulikuwa umezibwa, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na mkono mkubwa katika hilo. Tangu hapo waliokuja zaidi ni wakimbizi na familia zao: Wachile, Wairani, Wabosnia, Wasomali, Wairaki, Wasyria. Tofauti hii usiipite haraka. Mfini wa 1965 alishuka kwenye feri akapewa ovaroli. Mbosnia wa 1993 alifika wakati uchumi umeanguka na kiwanda cha meli kimeshakwisha. Watu husema kundi fulani "lilijichanganya" na jingine halikujichanganya, kana kwamba ni tabia. Wewe angalia kwanza kama kazi ilikuwepo.

Chuo chenu kimo humo humo ndani ya habari hii. Kilifunguliwa 1998, katika eneo la bandari ambako viwanda vilikuwa vimekufa, na kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2018. Winchi kubwa la Kockums lililokuwa likionekana mji mzima liling'olewa 2002 likapelekwa Ulsan, Korea Kusini, kwa bei ya dola moja. Wazee wa Malmö bado wanalizungumzia kwa uchungu. Ukitoka kituo cha treni kwenda jengo la Niagara, ambalo ndilo utakaloshinda humo, simama kidogo utazame maji na ujue umesimama wapi.

Mengine utakayokutana nayo muhula wa kwanza: sera ya 1975 iliyosimama juu ya maneno matatu, usawa, uhuru wa kuchagua na ushirikiano, ambapo "uhuru wa kuchagua" ulimaanisha kwamba mhamiaji ataamua mwenyewe abaki na utamaduni wake kiasi gani. Tangu 1976 mgeni aliyeishi nchini miaka mitatu alipata haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi wa manispaa bila kuwa raia. Katika semina ya somo hilo nilinyoosha mkono nikatoa methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilidhani nimemaliza kazi. Mwalimu akaniuliza, "Jembe ni la nani, na shamba ni la nani?" Bado ni swali zuri kuliko mengi niliyosoma vitabuni.

Utasoma pia kwamba Uswidi haiandikishi kabila wala rangi ya mtu. Takwimu hutumia mahali pa kuzaliwa: "mwenye asili ya kigeni" ni aliyezaliwa nje, au aliyezaliwa Uswidi na wazazi wawili waliozaliwa nje. Mzazi mmoja akiwa amezaliwa Uswidi, mtoto anahesabiwa kuwa na asili ya Kiswidi, hata ngozi yake iwe kama yangu na ubaguzi aupate kila siku njiani. Kuna sababu ya woga huu wa kuhesabu rangi. Mwaka 1922 serikali ilifungua Uppsala taasisi ya taifa ya kile kilichoitwa biolojia ya rangi za watu, na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walipimwa vichwa na kupigwa picha uchi. Usiliruke somo hilo kwa kuwa ni la zamani. Wasami, Wayahudi, Waroma (si watu wa mji wa Roma), Waswidi wenye asili ya Kifini na watu wa bonde la Torne ndio makundi matano yanayotambuliwa rasmi kuwa ya wachache nchini. Ndugu yangu, utamaduni mbalimbali Uswidi ulikuwepo kabla ya ndege ya kwanza ya wakimbizi kutua.

Na kwa kuwa unatoka Afrika Mashariki, hili nalo lijue. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda 1972, baadhi yao walipokelewa Uswidi. Wengine wakakaa Trollhättan, mji wa viwanda, wakajenga msikiti wa Kishia uliokamilika 1985. Mwaka 1993 ulichomwa moto. Wakaujenga tena.

Kiswidi: ndiyo, tena anza sasa. Darasani Kiingereza kinatosha kabisa, na tasnifu utaandika kwa Kiingereza. Lakini maisha unayotaka kuyasoma yanapita kwa Kiswidi: barua ya manispaa, mkutano wa wazazi, tangazo la mlangoni kuhusu zamu ya kufua. Ukishaandikishwa kwenye daftari la wakazi utaweza kuomba masomo ya bure ya Kiswidi kwa wahamiaji, yanayoitwa SFI. Kuna faida nyingine ambayo wanafunzi wengi wa nje hawaifahamu. Tangu 1766 sheria ya Uswidi inampa mtu haki ya kuomba kusoma nyaraka za ofisi za umma, na kwa kawaida karani haruhusiwi kukuuliza wewe ni nani au unazitakia nini. Mafaili ya watu binafsi yana siri yake, na lazima iwe hivyo, lakini mipango ya manispaa, kumbukumbu za vikao, barua kati ya idara na idara, hizo unaomba na kupewa. Mimi nilipewa kurasa 60 kwa baruapepe siku ya tatu. Zote za Kiswidi.

Mengine ni madogo. Mtasoma kozi moja baada ya nyingine, na saa za darasani ni chache mpaka utadhani umesahauliwa. Hizo zilizobaki ni za kusoma, na ukizilalia semina itakuumbua. Walimu wanaitwa kwa jina la kwanza, hata profesa mwenye mvi. Mimi ilinichukua mwezi mzima ulimi kukubali. Kabla ya kumrekodi mtu yeyote, mweleze kazi ni ya nini, mpe karatasi ya ridhaa kwa lugha anayoisoma, na rekodi usiiache kwenye simu, kwa maana habari za dini, afya na asili ya mtu zinalindwa na sheria. Na ukimaliza, mrudie. Yule mama wa Uvira nilimsomea sura yake kwa Kiswahili mezani kwake. Alirekebisha mambo mawili. Moja lilikuwa jina la keki.

SWALI: Habari za kazi, dada. Nami natamani masomo kama hayo ila sina mfadhili. Je, Uswidi si wanasomesha bure? – Kijana, Nakuru

JIBU: Zamani ilikuwa bure kwa wote. Tangu 2011 wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi zinazoambatana nao wanalipa ada, na hata kuomba tu ni kronor 900. Maombi ya masomo yanayoanza vuli hufungwa katikati ya Januari, kwa tovuti moja inayohudumia vyuo vyote. Zaidi ya ada, idara ya uhamiaji itataka uonyeshe fedha ya kuishi inayopita kronor 10,000 kwa kila mwezi wa masomo. Kwa hiyo tafuta ufadhili kwanza, ukianza na taasisi ya serikali inayoitwa Svenska institutet na ufadhili wa vyuo vyenyewe. Angalia na Norrköping pia, tawi la Chuo Kikuu cha Linköping, ambako kuna taasisi nzuri ya uhamiaji na makabila iitwayo REMESO. Na kama unayo tayari shahada ya uzamili, soma matangazo ya nafasi za udaktari: huko Uswidi mwanafunzi wa udaktari halipi ada, na kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara. Ushindani ni mkali sana, lakini usijiondoe kabla hujaomba. Usimlipe wakala hata senti kwa kazi ya kujaza fomu.

SWALI: Dada, sisi tuko Göteborg, mwaka wa nne sasa. Binti yetu ana miaka minane, na Kiswahili kinamtoka. Mwalimu wake aliniambia tuzungumze Kiswidi nyumbani ili asichelewe. Mke wangu amekasirika, mimi sijui nishike lipi. – Baba Zuhura

JIBU: Shemeji, shika la mke wako. Anayetakiwa kumpa Kiswidi ni shule, saa zote zile za mchana. Kiswahili hana pengine pa kukipata isipokuwa kwenu, na mtoto mwenye lugha ya kwanza imara huwa na mahali pa kuegemeza ya pili. Hili nalisema kama mtu anayewaona watoto hao kila wiki.

Tena sheria iko upande wenu. Tangu marekebisho ya 1977 mtoto anayetumia lugha nyingine nyumbani anaweza kufundishwa lugha hiyo shuleni. Somo linaitwa *modersmål*. Masharti ni kwamba lugha iwe ya matumizi ya kila siku kwa mtoto, awe na msingi wake, na katika manispaa wapatikane wanafunzi wasiopungua watano wanaoitaka pamoja na mwalimu anayefaa. Göteborg ni mji mkubwa, na Wakongo, Warundi na Wasomali wengi watoto wao wanasikia Kiswahili nyumbani, kwa hiyo watano si wa kutafutwa kwa taa. Wengi hawaombi kwa sababu hawajaambiwa. Jaza fomu ya maombi ya modersmål, umpelekee mkuu wa shule mwenyewe, na jibu uliombe kwa maandishi.

Mwalimu wa binti yako usimgombeze. Mwalike siku moja aje amsikie Zuhura akimsimulia bibi yake kwenye simu. Na kama Zuhura anachanganya Kiswahili na Kiswidi katika sentensi moja, muache amalize sentensi yake.